Nimetunga dunia nzima, wachezaji wangu wanamfuata muuza samaki

Shikamoo Mjomba,

Mimi ni dada wa miaka 26, naishi Mtwara mjini na nafanya kazi kwenye duka la steshenari. Jumapili mchana tunakutana watu watano kwa rafiki yetu wa Shangani kucheza Dungeons & Dragons. Kwa wasomaji wako wasioujua, ni mchezo wa kukaa mezani na kuigiza kwa maneno. Kila mtu ana mhusika wake. Mmoja anaendesha mchezo, yaani anaisimulia dunia na kuwaigiza watu wengine wote waliomo. Jambo likiwa na mashaka, linaamuliwa na dadu, hasa lile la pande 20. Seti yetu ya madadu ni moja tu, tuliletewa kutoka Dar, na siku ikisahaulika tunatumia programu ya simu. Mwendeshaji ni mimi.

Mwanzo tulicheza hadithi iliyoandaliwa tayari, ya ngome za mawe na theluji. Wenzangu wakalalamika kwamba theluji hakuna hata mmoja aliyewahi kuikanyaga. Nikasema sawa, natunga dunia yangu mwenyewe. Mjomba, nimejaza kaunta buku mbili na ya tatu iko katikati. Nina falme saba, kila moja na ukoo wake wa wafalme tangu mwanzo wa dunia. Nina miungu 14 na ugomvi wao, kalenda ya miezi 13, sarufi ya lugha mbili, na ramani niliyoichora kwenye karatasi nne za A3 nikaziunganisha kwa gundi. Bosi wangu alidhani nachapa tasnifu ya mteja.

Tukaanza. Nikawasomea utangulizi, kurasa sita. Kisha nikawafikisha mji wa bandari unaoitwa Ras Pweza, ambako nilitaka waende moja kwa moja ikulu wakamsikilize balozi wa ufalme wa tatu akieleza chanzo cha vita. Sokoni nilikuwa nimemweka mzee muuza samaki, pambo tu. Mchezaji mmoja akauliza samaki ni wa leo? Nikajibu bila kufikiri: wa jana. Basi! Jioni nzima ikaishia hapo. Kwa nini auze wa jana wakati bahari iko pale? Anawapata wapi? Mbona wenzake hawakai naye? Mkewe yuko wapi? Nilikuwa nabuni majibu papo hapo huku nimenuna. Balozi siku ile alibaki anawasubiri ikulu.

Wiki iliyofuata nikawapeleka ikulu kwa nguvu. Mmoja akawa anachati. Mwingine akaniambia, "Dada, hii ni histori ya fomu three." Iliniuma.

Halafu kuna hili. Mmoja wetu, kijana wa Kilwa Kivinje, anasema nitupe vyote, tucheze vita vya Maji Maji, mizimu ichukue nafasi ya majoka, na mapiko, wale wacheza ngoma wa Kimakonde wanaovaa vinyago, wawe maadui wa porini. Mwenzetu mwingine, Mmakonde wa Newala, alinyamaza kwanza, kisha akasema mapiko kwenye mchezo wa dadu yeye hapana. Sababu hakutoa. Tukaagana kila mtu kivyake. Na bado yupo wa tatu ambaye dunia iwe hii au ile, yeye mhusika wake lazima awe ninja.

Je, nizichome hizi kaunta buku? Wenzangu ni wavivu, au tatizo ni mimi? Mambo ya kwetu kuyatia mchezoni ni sawa au ni kujitafutia balaa? Na huyu ninja nimfanyeje?

Ni mimi,
Mwenye Ramani, Mtwara

*

Marahaba mpwa wangu.

Nianze na muuza samaki, maana katika barua yako yote ndiye aliyenifanya nitake kujua zaidi. Una falme saba, na mimi nimekaa hapa najiuliza mke wa yule mzee yuko wapi.

Wenzako wavivu hawawezi kuwa. Mvivu hampelelezi muuza samaki jioni nzima. Wamekupa heshima ambayo waendeshaji wengi wanaitafuta na hawaipati: waliamini kwamba yule mzee yupo. Balozi hawakumwamini kwa sababu alikuja na hotuba mkononi. Kwenye mchezo huu kitu hakijawa cha kweli mpaka mchezaji akiguse mwenyewe, akinunue, akiibe, akikimbie, au adaiwe kwa ajili yake. Ukoo wako wa tano wa wafalme, hata uwe mtamu namna gani, mezani bado haujazaliwa.

Na wala usijione wa ajabu kwa kuanzia juu. Karibu kila anayetunga dunia yake huanza na miungu na ramani, kwa sababu hiyo ndiyo sehemu inayompa raha akiwa peke yake usiku. Ila waliouanzisha mchezo wenyewe hawakuanzia huko. Dungeons & Dragons ilitoka Marekani mwaka 1974, kazi ya Gary Gygax na Dave Arneson. Gygax alianza na mahandaki ya chini ya ngome moja aliyoiita Greyhawk, na watu wa kwanza kuingia humo walikuwa watoto wake wawili. Mji wa jirani ulikuja baadaye. Dunia yenyewe je? Kwa muda mrefu aliazima tu ramani ya Amerika Kaskazini, na mji wake akauweka pale ilipo Chicago. Maelezo ya dunia hiyo yalichapwa mwaka 1980, wakati watu wameshaichezea miaka.

Sasa tuje Jumapili ijayo. Fungua kaunta buku, ila usitafute cha kuwaeleza. Tafuta kitu kinachoweza kumfanya mvuvi wa Ras Pweza auze samaki wa jana.

Umesema ufalme wa tatu uko vitani. Vizuri. Kwa sababu ya vita, lango la bandari linafungwa machweo na hakuna chombo kinachotoka bila kibali. Kibali kina muhuri wa balozi. Askari wa zamu anachukua samaki wazuri wote kama "ada ya lango", mzee anabaki na waliokataliwa. Wenzake hawakai naye kwa sababu yeye ndiye aliyekubali kulipa wa kwanza. Na mkewe? Mkewe alikuwa na mkono mzuri wa kuandika, akaanza kuwaandikia wavuvi vibali vya kughushi, sasa yuko chini ya ikulu. Tazama kilichotokea: hujawasukuma popote, lakini wataingia ikulu wenyewe wakiwa na hasira, na watamshika balozi shati. Hapo atatoa ile hotuba yake ya chanzo cha vita. Itatoka vipande vipande, kila kipande wakiwa wamekiuliza wao.

Nasaba za wafalme zitoe kwenye kurasa, uzitie mfukoni mwa watu. Masultani wa Kilwa walipiga sarafu ndogo za shaba. Upande mmoja jina la sultani, upande wa pili maneno ya kumtegemea Mungu, na pande hizo mbili zilitungwa zikapatana kwa vina, mtu akawa na beti ya shairi kwenye kiganja. Mfanye mzee wa samaki akatae sarafu. "Ya huyu sipokei." Kwa nini? "Huyu ndiye aliyemfukuza kaka yake." Umeshamaliza kufundisha ukoo mzima, na hakuna aliyepiga miayo.

Kalenda yako ya miezi 13 iache ilale. Kalenda inayofaa mchezoni ni ile inayomtia mtu shida, na pwani yetu imekuwa na moja tangu zamani. Kaskazi inaanza kuvuma mwishoni mwa mwaka na kuendelea hadi Machi hivi, inaleta majahazi kutoka Arabuni na India. Kusi ikigeuka inayarudisha. Nahodha aliyechelewa kupakia anakwama ugenini mpaka upepo ugeuke tena, na humo ndimo yanamozaliwa madeni, ndoa za haraka na visasi. Hapo wachezaji wanakuwa na tarehe ya mwisho ambayo hakuna mfalme wa kuisogeza.

Kuna na kalenda ya pili unayoiishi kila mwaka ukiwa dukani. Korosho zinaanza kuingia ghalani Oktoba, mkulima anakabidhi mzigo, anapewa stakabadhi, kisha anakaa kusubiri mnada na malipo. Mji mzima unaishi kwa ahadi iliyoandikwa kwenye kikaratasi. Sasa fikiria mji wako wa kubuni ambamo stakabadhi hizo zinaanza kupotea usiku, au zinazidi mzigo uliomo ghalani. Joka la nini tena? (Ukiwa na joka mkononi, mweke alale juu ya zile gunia. Mimi majoka siyachukii.)

Kiasi cha kuandika kabla ya kila Jumapili: ukurasa mmoja. Mji na mwendo wa siku moja kuuzunguka, watu watatu wanaotaka kitu, na wanavyovitaka vigongane. Basi. Kwingine kote kwenye ramani acha peupe, na upande mwingine wa mlima ukijazwa, ujazwe kwa sababu kuna mtu ameamua kwenda.

Halafu wape na wao kalamu. Kila mmoja mwulize: mhusika wako aliwahi kufika Ras Pweza, alimkosea nani? Yule aliyekuwa anachati atasema lolote, tuseme "mama ntilie wa gatini, nilikula nikakimbia." Andika. Wiki mbili baadaye mama ntilie huyo ndiye pekee anayejua njia ya siri ya kuingia ikulu, na bili yake anaikumbuka. Utaona kama simu itatoka mfukoni. Usiwaulize kila kitu, lakini; wapo wachezaji wanaokuja ili washtushwe, na ukiwauliza "unadhani nyuma ya mlango kuna nini?" wanakuona hukujiandaa. Swali la aina hiyo liulize kuhusu yaliyopita ya wahusika wao na watu wanaowajua. Ya nyuma ya mlango baki nayo mwenyewe.

Kanuni za mchezo usiziguse kwa sasa. Dunia mpya na kanuni mpya kwa mpigo mmoja, kitu kikiharibika hutajua kilichoharibika ni kipi.

Kaunta buku usizichome. Zifanye ghala: mchezaji akiuliza kitu usichokitarajia, unaingia, unatoa jina moja, desturi moja, mungu mmoja mwenye kinyongo, unafunga mlango. Kazi yako haikupotea, ila hakuna mgeni anayelazimika kukagua ghala lote kabla ya kukaribishwa chakula.

Sasa mambo ya kwetu, na hapa nitakaa kidogo.

Kijana wa Kivinje ana hoja. Mikoa yetu hii miwili, Mtwara na Lindi, ina mali ya kutungia kuliko ngome zote za theluji. Mwaka 1331 Ibn Battuta alifika Kilwa akamkuta sultani Hasan bin Suleiman, ambaye watu walimwita baba wa zawadi kwa ukarimu wake. Anasimulia kwamba fakiri mmoja kutoka Yemen alimzuia sultani huyo njiani akitoka sala ya Ijumaa, akamwomba nguo alizovaa, na sultani akaenda kuzivua akampa. Alipofariki akatawala ndugu yake Daud, na huyo akiombwa alikuwa akijibu kwamba mtoaji amekufa na hakuacha cha kutoa. Mpwa wangu, hiyo ni kampeni, yaani hadithi ndefu ya kuchezwa Jumapili nyingi. Mji uliozoea kupewa, mtawala mpya aliyefunga mkono, na fakiri mmoja anayezunguka na nguo za sultani aliyekufa. Ni nani atakayezitaka hizo nguo, na kwa nini?

Au nenda Tendaguru, kilima kilichoko ndani kaskazini-magharibi ya Lindi. Kati ya 1909 na 1913 Wajerumani walichimba pale mifupa ya dinosaria. Waliochimba hasa ni mamia ya watu wa huku, chini ya msimamizi Boheti bin Amrani, na mizigo ikabebwa kwa kichwa siku kadhaa hadi bandari ya Lindi. Mmoja wa wanyama hao amesimamishwa Berlin, kimo chake kinapita mita 13. Ukitaka joka ambalo hakuna mchezaji duniani amewahi kukutana nalo, anza na msafara wa wapagazi waliobeba mfupa mmoja, na kila wakipiga kambi, asubuhi mfupa una uzito zaidi ya jana. Wachezaji wako ni wapagazi. Nani amewalipa, na mfupa unakwenda wapi? Hata Shimo la Mungu pale Newala, mtu akisimama ukingoni na kuuona uwanda ulioko chini, hahitaji kuambiwa kwamba kule kuna kitu.

Maji Maji ni habari nyingine. Vita vile vilianza Julai 1905 kwenye vilima vya Umatumbi, upande wa Kilwa. Kinjeketile Ngwale aliyegawa maji alinyongwa Agosti mwaka huohuo. Kisha Wajerumani wakachoma mazao na maghala, na njaa ikaua watu wengi kuliko bunduki. Vitukuu vya watu hao ndio hao unaokaa nao Shangani Jumapili. Sisemi haligusiki. Nasema usirushe dadu kuamua babu wa mtu anakufa au anapona. Chukua kiini chake: makabila yasiyosikilizana yanaungana kwa sababu ya ahadi moja ya dawa. Mhusika mmoja anaamini, mwingine ana mashaka na hathubutu kusema, na mapigano ni kesho alfajiri. Badilisha majina, nchi na adui, kisha waachie waamue usiku huo watafanya nini. Kivinje atapata alichokuwa anakitafuta, na hakuna kaburi la mtu litakalokuwa limekanyagwa. Mizimu nayo uichukulie vivyo hivyo. Mizimu ni wazee wa watu, na mzee wa mtu humpangii idadi ya mapigo ya upanga ya kumwangusha. Ukiitaka mchezoni, iwe watu wa kuombwa, kukasirika na kudai, na silaha zibaki nje.

Na mapiko, kijana wa Newala ameshakujibu. Ngoma ile imefungamana na jando, na ni nani aliye ndani ya kinyago ni siri ambayo mwanamke na asiyepita jandoni hawaambiwi. Wewe ni mwanamke, yeye pengine amepita, sasa ulitaka akupe sababu gani? Kunyamaza kwake ndiyo sababu. Usimbane mbele ya wenzake, wala usimruhusu Kivinje amtanie kwa hilo, hata kama wana utani wao wa makabila. Siku nyingine mkiwa wawili, mwulize tu ni vitu gani anaona viko wazi. Vinyago vya shetani, vile vyenye viungo vilivyopinda, vinauzwa kwa mtalii yeyote, huenda hivyo hana neno navyo. Akisema navyo hapana, ni hapana.

Kwa siku zijazo, kabla ya kuanza, kaeni nusu saa bila madadu mseme kila mtu nini hataki kukikuta mezani. Wasiwe na wajibu wa kueleza. Kisha weka katikati ya meza karatasi yenye alama ya X. Yeyote akiigusa, tukio mnaliruka na mchezo unaendelea, hakuna maswali. Jambo hili linatumika na wachezaji sehemu nyingi duniani, na kwa kundi lenye watu wa Newala na Kivinje pamoja nitalishangaa sana kama halitakufaa.

Imebaki ninja. Mruhusu. Kwenye mji wa bandari hakuna mtu asiye na mahali pake. Watu wameshuka pwani hii na lugha zao, nguo zao na silaha zao kwa karne nyingi, na wenyeji wakauliza tu wanauza nini. Ila asishuke bure. Mwambie chombo chake kimeingia mwisho wa kaskazi kikiwa kimepasuka mkuku, kusi imeshaanza na nahodha hana pesa ya fundi. Kisha mwulize amefikia kwa nani pale Ras Pweza, na mwenye nyumba anamdai shilingi ngapi. Akishindwa kupata jina, mpe chumba cha uani kwa muuza samaki.

Mjomba